Asubuhi Nyalenda, Jioni Nyalenda: Rekodi za Reli ya Ziwani

Mtu anayeishi Vienna, mji mkuu wa Austria, hupanda treni asubuhi na kufika Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, baada ya saa moja hivi. Hupanda ngomeni, hula chakula cha mchana kando ya mto Danube, na jioni yuko kwake. Ukiacha Roma na Vatican, hakuna miji mikuu miwili barani Ulaya iliyokaribiana hivyo. Ndugu zetu walioko huko hutuma picha za safari kama hizo, nasi huku Nyalenda, mtaa wa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, tunazitazama kwenye simu na kudhani kwamba kwenda mji mdogo kwa siku moja na kurudi ni starehe ya Wazungu.

Kilomita zilizo kati ya Vienna na Bratislava hazipishani sana na zile za kutoka Nyalenda hadi Muhoroni. Nasi reli tunayo. Tena reli hii inayoanzia ufukweni kwetu, pamoja na njia zilizoungana nayo, imepita kwenye miji midogo yenye sifa ambazo miji mingi ya Ulaya ingezililia: kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, mifupa ya sokwe wa kale waliotufundisha asili ya jamii yetu, na kituo kilichojengwa juu milimani kuliko vyote katika Jumuiya ya Madola. Nimezikusanya hapa sifa hizo kwa ajili ya mkazi wa Nyalenda mwenye Jumamosi moja, nauli ya matatu, na hamu ya kuona.

Treni yenyewe nitaisema mapema. Huduma ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirejea Desemba 2021, baada ya njia ya kilomita 217 kutoka Nakuru kukarabatiwa. Ilirejea ikiwa treni ya usiku, ya mwisho wa wiki: hutoka Nairobi Ijumaa jioni na kufika kwetu Jumamosi asubuhi. Humfaa sana anayekuja nyumbani kutoka jijini. Lakini Fort Ternan, Koru, Muhoroni na Miwani hupitwa gizani, abiria wamelala. Kwa hiyo safari nyingi ninazozisimulia hapa utazifanya kwa matatu, ukiwa na reli pembeni mwako.

Mwisho wa njia, mwanzo wa mji

Rekodi ya kwanza huhitaji kuifuata mbali. Panda boda kutoka Nyalenda hadi stesheni ya Kisumu, karibu na bandari, usimame pale reli inapokoma. Reli hiyo ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, na Desemba 1901 ikagusa maji ya ziwa hapa, baada ya zaidi ya kilomita 930. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Msumari wa mwisho uligongwa na Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji wa reli, na mji ukaitwa Port Florence kabla ya kurudia jina la Kisumu.

Watu wengi huuliza kwa nini iliitwa Reli ya Uganda ilhali haikuingia Uganda. Iliingia. Siku ile reli ilipofika ziwani, Kisumu ilikuwa bado ndani ya mkoa wa mashariki wa Uganda. Mpaka ulihamishwa mwaka 1902, na ndipo sisi sote, pamoja na reli yetu, tukajikuta upande wa pili. Ni miji michache sana duniani iliyopokea treni ikiwa nchi moja na kusherehekea mwaka wa kwanza wa treni hiyo ikiwa nchi nyingine.

Na meli ilitangulia treni. William Mackinnon, meli ndogo ya mvuke, ililetwa Mombasa ikiwa vipande vipande, ikasafirishwa bara kwa taabu kubwa, mizigo mingi ikiwa vichwani mwa wapagazi, ikaungwa hapa na kuteremshwa majini mwaka 1900, reli ikiwa ingali mbali. Ufundi huo haujafa Kisumu: MV Uhuru, meli iliyojengwa kubeba mabehewa katika miaka ya 1960, ina mdogo wake MV Uhuru II aliyeundwa papa hapa bandarini na Kenya Shipyards Limited.

Nyalenda ni zao la reli hiyo pia. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa ajili ya Wazungu na Wahindi, na Mwafrika aliyefanya kazi relini, bandarini au nyumbani kwa watu alikaa nje ya mipaka yake. Ndiyo sababu Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani zimeuzunguka mji wa zamani upande huu na huu. Anayetoka Nyalenda kwenda kuitazama stesheni anakwenda kutazama chanzo cha mtaa wake.

Fupi kuliko zote

Kama huna nauli kabisa, tembea hadi Dunga. Ni mwendo wa miguu tu kutoka Nyalenda, na ufukwe wake umepakana na mafunjo yanayohifadhi ndege wasioishi penginepo ila kwenye mafunjo. Ziwa unaloliangalia ndilo kubwa kuliko yote Afrika, na kwa maji baridi linashika nafasi ya pili duniani kwa upana, karibu kilomita za mraba 68,800. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya maji hayo. Nenda mapema, wavuvi wanapopakua.

Miwani, sukari ya kwanza

Ukiondoka Kisumu kuelekea mashariki, reli inakata uwanda wa Kano ikipitia Kibos, ambako baadhi ya Wahindi waliobaki baada ya ujenzi wa reli walipewa ardhi wakalima. Mbele yake kuna Miwani. Hapo mwaka 1922 ndipo kilipoanza kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya, zaidi ya miaka 40 kabla ya Muhoroni na Chemelil, na nusu karne kabla ya Mumias. Mashamba, nyumba za wafanyakazi, shule na maduka vilikua kukizunguka, na yote hayo yaliwezekana kwa sababu treni ilipita mlangoni: miwa ni mzigo mzito usiongoja, unapoteza utamu wake siku baada ya siku tangu ukatwe.

Kiwanda kimenyamaza kwa miaka mingi. Bado nashauri uende. Mtu akitaka kuelewa kwa nini bei ya sukari ni siasa katika ukanda huu, asome magazeti yote apendayo, lakini atafahamu zaidi akisimama Miwani na kuona jinsi mji mzima ulivyoegemea bomba moja la moshi, na kilichotokea moshi ulipokatika. Wakazi wake ni wakarimu wa maelezo. Waliofanya kazi humo au wazazi wao bado wako. Usipige picha ndani ya ua bila ruhusa.

Ukitaka kuona sukari inayotengenezwa leo, endelea hadi upande wa Muhoroni na Koru, ambako kuna mitambo midogo ya sukari nguru kandokando ya barabara. Harufu itakuongoza. Nunua nguru ya moto, ile iliyotoka kumiminwa. Dukani hutaipata yenye ladha hiyo.

Historia chungu kuliko zote

Kibigori ni kituo kidogo chini ya miteremko ya Nandi, na wengi hupita bila kukiangalia. Lakini hapa reli ilipita chini ya macho ya watu walioipinga kwa muda mrefu kuliko wengine wote katika nchi hii. Wanandi walipigana na Waingereza tangu 1895 hadi 1905. Walikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakavifanya silaha. Husimuliwa kwamba Kimnyolei arap Turukat, orkoiyot wao, yaani kiongozi wa kiroho, alikuwa ametabiri kuja kwa nyoka wa chuma atoaye moshi. Mwanawe Koitalel arap Samoei ndiye aliyeongoza vita, na tarehe 19 Oktoba 1905 alipigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani.

Matatu za kupanda Nandi Hills zipo, na katika mji huo lipo kaburi la kumbukumbu na makumbusho ya Koitalel. Kutoka kwenye joto la Kano hadi kwenye mashamba ya chai ni mwendo mfupi, na njiani utaiona reli yote ikiwa chini yako bondeni. Kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa Kisumu anapaswa kuiona reli kutoka juu huko angalau mara moja, kwa sababu kutoka chini tunafundishwa kwamba reli ililetwa, na kutoka juu unaelewa kwamba ilipitishwa kwa nguvu.

Kongwe kuliko mtu

Sasa nifike kwenye safari ninayoipenda kuliko zote. Kati ya Muhoroni na Fort Ternan, reli inapoanza kupanda, kuna mlima Tinderet, volkano iliyozimika zamani sana. Majivu yake yaliwafunika wanyama wa zama hizo, na kemikali zake zenye chokaa zikaihifadhi mifupa yao isioze. Ndiyo sababu eneo hili dogo, ambalo unaweza kulizunguka kwa matatu na boda kwa siku moja, lina maeneo matatu ya visukuku yanayojulikana na wanasayansi ulimwenguni kote: Koru, Songhor na Fort Ternan.

Koru ndiyo iliyoanza. Mwaka 1926 daktari mlowezi, H. L. Gordon, aliona mifupa ikitoka kwenye mawe ya chokaa shambani mwake akaipeleka London. Huko Arthur Hopwood alitambua kwamba ni mifupa ya sokwe wa kale, na mwaka 1933 akampa jina la Proconsul, akimkumbuka Consul, sokwe aliyekuwa kipenzi cha watazamaji wa Uingereza. Mifupa ya Koru ina umri wa takriban miaka milioni 20. Kabla ya hapo hakukuwa na sokwe wa kale hivyo aliyewahi kupatikana kusini mwa Sahara. Fuvu maarufu la jamii yake lilikuja kupatikana mwaka 1948 na Mary Leakey katika kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya ghuba yetu. Lakini jina na mwanzo ni vya Koru, mji ambao hata huku Nyalenda watu huutaja kwa miwa na chokaa peke yake.

Fort Ternan ni hadithi ya baadaye. Mkulima Fred Wicker aliona mifupa shambani mwake na kumwarifu Louis Leakey, na uchimbaji ukafanyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichotoka humo, Leakey alikiita Kenyapithecus wickeri mwaka 1962, jina lenye Kenya na mkulima huyo ndani yake. Umri wake ni miaka milioni 14 hivi. Pamoja na sokwe huyo walipatikana swala na twiga wa kale kwa wingi, na kwa sababu hiyo Fort Ternan imekuwa mahali pa mjadala mkubwa juu ya lini misitu ya Afrika Mashariki ilianza kupisha nyasi. Nyasi hizo ndizo zilizokuja kuyabadilisha maisha ya viumbe waliotuzaa.

Fikiria jambo hili ukiwa umesimama kwenye stesheni ya Fort Ternan. Watalii hulipa fedha nyingi kwenda kuona mapango ya Ufaransa yenye michoro ya makumi ya maelfu ya miaka. Hapa, kwa nauli ya matatu mbili, unasimama juu ya ardhi iliyomhifadhi kiumbe wa miaka milioni 14, na pengine utakuwa mgeni peke yako siku hiyo. Mifupa yenyewe huhifadhiwa Nairobi na Makumbusho ya Taifa, ambayo pia ndiyo yenye dhamana ya eneo hili. Kwa hiyo usitarajie kuona kabati za vioo. Utaona mteremko, mawe, na mandhari ya Tinderet. Mtafute mwenyeji akuongoze, mlipe vizuri, na usiokote hata kipande kimoja cha mfupa: ni kosa kisheria, na kipande kilichohamishwa hakimwambii mtaalamu kitu tena.

Ukiwa hapo itazame na reli yenyewe. Kutoka Mau Summit, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, njia hii inashuka hadi ziwani kwenye mita zipatazo 1,130. Wajenzi walihitaji madaraja marefu ya chuma, na kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilichelewa na kudai bei kubwa, kazi ilipewa American Bridge Company ya Marekani, iliyosimamisha madaraja 27 katika reli hii, mengi yakiwa upande huu wa Mau. Londiani na Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa zamani, ziko kwenye mteremko huohuo. Mwenye siku mbili aende huko. Mwenye siku moja aishie Fort Ternan.

Juu kuliko zote

Timboroa haiko kwenye njia yetu ya Kisumu. Iko kwenye ile iliyochipuka Nakuru kuelekea Eldoret, iliyofika huko mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, ikaifanya Kisumu kuwa tawi badala ya mwisho wa safari. Lakini siwezi kuiacha. Stesheni yake iko zaidi ya mita 2,740 juu ya usawa wa bahari, na imejulikana kwa miaka mingi kuwa ya juu kuliko zote katika Jumuiya ya Madola. Inaipita kwa mbali Ghum ya Darjeeling, India, ambayo sifa zake zimeandikwa katika vitabu vingi na iko kwenye mita 2,258. Ulaya ina Jungfraujoch ya Uswisi, mita 3,454, lakini ile ilijengwa mwaka 1912 kwa ajili ya watalii wa theluji. Ya Timboroa ilijengwa kwa ajili ya mizigo na watu.

Kwa mtu wa Nyalenda hii ni safari ndefu. Toka alfajiri na usikae sana. Beba sweta mbili. Baridi ya Timboroa humshangaza kila aliyezoea jua la ziwani, na supu ya viazi vya huko huliwa kwa sababu.

Ikweta na tawi la Butere

Tawi la kutoka Kisumu hadi Butere, karibu kilomita 70, lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ni fupi, lakini linavuka ikweta, na linapita kwenye miji ya shule na masoko iliyokaribiana kuliko sehemu yoyote ya njia kuu: Kisian, Maseno, Luanda, Yala, kisha Butere. Wazee wa ukanda huu hukumbuka treni yake ikijaa kuku, ndizi, nguo za mitumba na wanafunzi wenye masanduku ya bati.

Maseno ndipo pa kushuka kwanza. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, ni miongoni mwa shule kongwe zaidi nchini, na humo walipita Jaramogi Oginga Odinga, mwanahistoria Bethwell Ogot na Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani. Sidhani kama kuna mji mwingine wa kiasi hicho nchini uliotoa watu wenye uzito wa namna hiyo. Mstari wa ikweta unapita hapohapo.

Yala nako kuna lake. Katika eneo la Gem, mahali paitwapo Lundha, watu walikutana Desemba 1921 kupinga kodi, kipande na hadhi ya koloni waliyopewa bila kuulizwa. Kutoka kwenye mkutano huo likazaliwa vuguvugu la Piny Owacho, lililoongozwa na walimu kama Jonathan Okwiri. Historia ya siasa za Kenya huanza kusimuliwa kwa Nairobi ya Harry Thuku. Lundha ilikuwa miezi michache kabla ya maandamano ya Nairobi ya Machi 1922, na inastahili kibao kikubwa kuliko ilichopewa. Ukimaliza Yala, rudi Luanda ule, soko lake halikosi kitu.

Kendu Bay niitaje kwa ufupi. Treni haifiki, ila meli za reli zilifika gatini kwake kwa miaka mingi. Karibu nayo liko ziwa Simbi Nyaima, la maji ya chumvi ndani ya shimo la volkano, ambalo simulizi ya Waluo inasema ni kijiji kilichozama baada ya kumfukuza bibi kizee aliyeomba chakula na mahali pa kulala. Flamingo huja hapo nyakati fulani za mwaka.

Hukumu yangu, na ombi

Mwenye Jumamosi moja tu aende Koru na Fort Ternan. Aondoke Nyalenda kabla ya saa moja asubuhi, akubaliane nauli kabla ya kuketi, abebe kitambulisho, maji na viatu vya kupandia mteremko, na aanze kurudi saa tisa, kwa kuwa magari ya upande wa Fort Ternan hupungua jioni. Mwenye watoto aende Maseno. Mwenye mzee aliyewahi kufanya kazi relini amchukue, popote aendapo.

Na kwa Shirika la Reli la Kenya, pamoja na serikali za kaunti za Kisumu, Kericho, Siaya na Kakamega, nina ombi moja. Njia ipo na stesheni zipo. Tupeni mabehewa mawili au matatu siku ya Jumamosi, yatoke Kisumu asubuhi, yasimame Kibos, Miwani, Kibigori, Muhoroni, Koru na Fort Ternan, yarudi jioni; na Jumamosi inayofuata yaelekee Butere. Anzeni kwa kipindi cha likizo za shule, mhesabu abiria wenyewe, kisha mwamue.